Mzigo usiofika ni deni, si mauzo

Biashara ya kuagiza bidhaa kwa simu na intaneti imekua haraka nchini Tanzania kuliko kanuni za kuiendesha. Mnunuzi aliyeko Mwanza au Songea anaona picha ya bidhaa ya duka la Kariakoo, anapatana bei na muuzaji kwa ujumbe wa simu, anatuma fedha, kisha anasubiri. Mara nyingi mzigo hufika. Usipofika, linazuka swali ambalo wafanyabiashara wengi hupenda kulikwepa: hasara ni ya nani?

Jibu la mitaani linajulikana. Muuzaji anasema ameshapakia mzigo kwenye basi. Wakala wa basi anasema hana habari nao. Mnunuzi anaambiwa awe na subira, na baada ya wiki mbili simu yake haipokelewi tena. Anabaki na ujumbe wa muamala na picha ya bidhaa ambayo hajaishika.

Kwa mtu aliyesoma hesabu za biashara, jambo hili halina utata. Fedha iliyopokelewa kabla bidhaa haijakabidhiwa si pato. Ni deni, na huandikwa upande wa madeni mpaka mteja apate alichokilipia. Mfanyabiashara anayeihesabu fedha hiyo kuwa mauzo, akanunulia mzigo mwingine, anaendesha duka lake kwa mkopo wa wateja wake bila wao kujua.

Sheria ipo, haitumiki

Si kweli kwamba mlaji hana sheria ya kumlinda. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inamtaka muuzaji kutimiza agizo katika muda wa siku 30 tangu alipolipokea, isipokuwa kama pande mbili zimekubaliana vinginevyo. Akishindwa, kwa sababu bidhaa imekwisha au sababu nyingine, anatakiwa kumjulisha mnunuzi kabla muda haujaisha na kumrudishia fedha zake. Sheria hiyo pia inaruhusu kumbukumbu za kielektroniki kutumika kama ushahidi, hivyo mazungumzo ya simu na ujumbe wa malipo vina uzito mahakamani. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, nayo inakataza mwenendo wa kumpotosha mnunuzi.

Tatizo ni kwamba mtu aliyepoteza shilingi 60,000 hawezi kufunga duka lake siku tatu kufuatilia haki yake. Nauli na muda vitazidi deni lenyewe. Muuzaji asiye mwaminifu anaifahamu hesabu hiyo vizuri.

Nchini Kenya hatua imepigwa. Mahakama ya madai madogo ilianza kazi Milimani, Nairobi, mwezi Aprili 2021, ikisikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja za nchi hiyo, na sheria inataka shauri limalizike ndani ya siku 60. Utaratibu wa namna hiyo ungewafaa sana wafanyabiashara wadogo wa Tanzania, ambao wengi wao ni wanunuzi asubuhi na wauzaji jioni.

Mwanya wa njiani

Lakini kuna mwanya mkubwa zaidi, nao unahusu mzigo uliotumwa kweli ukapotea njiani. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, sura ya 214, imefuata mfano wa sheria ya Uingereza ya mwaka 1893. Kanuni yake ni kwamba pale muuzaji anapotakiwa kumpelekea mnunuzi bidhaa, kumkabidhi msafirishaji huchukuliwa, mpaka ithibitike vinginevyo, kuwa ni sawa na kumkabidhi mnunuzi mwenyewe. Kwa maneno mengine, mzigo ukishapakiwa Mbezi, aliyeko Songea anaweza kuhesabiwa kuwa ameshaupokea.

Kanuni hiyo ina kinga yake. Muuzaji anatakiwa kufanya mapatano ya maana na msafirishaji kulingana na aina ya bidhaa. Asipofanya hivyo na mzigo ukapotea, mnunuzi anaweza kukataa kwamba amekabidhiwa. Kurusha boksi ndani ya basi bila stakabadhi wala kutaja thamani yake ni vigumu kuyaita mapatano ya maana.

Kanuni ya 1893 iliwafaa matajiri wa meli na reli, waliokuwa na mawakili na bima. Haimfai mama anayeagiza vitenge vitano vya kuuza. Waingereza wenyewe wameiacha kwa upande wa walaji. Sheria yao ya Haki za Mlaji ya mwaka 2015 inasema bidhaa inabaki katika hatari ya muuzaji mpaka imfikie mlaji mkononi, isipokuwa kama mlaji amejichagulia msafirishaji ambaye muuzaji hakumpendekeza. Huo ni mgawanyo wa haki: anayechagua gari ndiye abebe hatari ya gari.

Wapo wauzaji watakaolalamika kwamba faida ni ndogo na mizigo inayopotea itawafilisi. Hoja hiyo ina uzito, lakini hesabu inaijibu. Chukua mfano wa muuzaji anayetuma mizigo 100 yenye thamani ya shilingi 50,000 kila mmoja, na mmoja ukapotea. Akiigawa hasara hiyo kwa mizigo yote, kila mzigo unaongezeka shilingi 500 tu. Mnunuzi mmoja akibebeshwa, anapoteza zote 50,000. Muuzaji ndiye anayemjua wakala, ndiye mwenye stakabadhi, na ndiye anayeweza kumhama msafirishaji mzembe.

Gharama ya kutoaminiana

Hasara ya mizigo isiyofika haiishii kwa walioibiwa. Wateja waliowahi kuumizwa sasa wanadai kulipa baada ya kupokea. Muuzaji mwaminifu anaingia gharama ya bodaboda, anafika mlangoni, anakuta mteja amezima simu au amebadili mawazo. Mzigo unarudi na mtaji umelala. Ndivyo mkosaji mmoja anavyowatoza kodi wenzake kumi.

Nchi nyingine zilipita njia hiyo. Nchini China, mfumo wa malipo wa Alipay ulianza kwa kushikilia fedha ya mnunuzi na kumpa muuzaji pale tu mteja alipothibitisha kuwa amepata bidhaa. Watu wasiofahamiana wakaweza kufanya biashara. Nchini Marekani, kanuni ya siku 30 kwa bidhaa zinazoagizwa kwa posta ilitungwa mwaka 1975. Mwezi Julai 2000, wauzaji saba wa intaneti, wakiwemo Macys.com na Toysrus.com, walikubali kulipa jumla ya dola milioni 1.5 kwa jinsi walivyoshughulikia oda zilizochelewa za Krismasi ya 1999. Majina makubwa hayakuwaokoa.

Wawekezaji wadogo nao wana somo hapa. Hisa za Jumia zilianza kuuzwa katika soko la New York mwezi Aprili 2019 kwa dola 14.50. Mwezi uliofuata kampuni ya Citron ilitoa ripoti ikidai kwamba sehemu kubwa ya oda zilizohesabiwa zilifutwa, zilirudishwa au hazikumfikia mteja. Bei ilitikisika, na kabla ya mwisho wa mwaka huo ilikuwa imeshuka chini ya dola 10. Mwezi Novemba 2019 kampuni hiyo ilifunga shughuli zake Tanzania. Ripoti ile ilibaki ni madai, lakini swali lililoulizwa ni la kudumu: kati ya oda zilizotangazwa, ngapi zilifika?

Basi mnunuzi adai tarehe ya kufikishiwa mzigo iandikwe kwenye ujumbe kabla hajatuma fedha, alipe kwa namba iliyosajiliwa kwa jina la biashara, na atake picha ya stakabadhi ya mzigo. Muda ukipita, atoe madai kwa maandishi na kutaja siku ya mwisho ya kurudishiwa fedha.

Kazi ya muuzaji ni kutenga fedha za oda ambazo hazijafika na kutozigusa. Kampuni za simu, ambazo tayari zina fedha za pande zote mbili mikononi mwao, ziweke huduma ya kushikilia malipo mpaka mzigo upokelewe. Na Serikali ipeleke Bungeni marekebisho ya sura ya 214 ili hatari ya njiani ibaki kwa muuzaji pale anapomuuzia mlaji wa kawaida.

Kariakoo ilijengwa kwa watu kukopeshana bila maandishi kwa sababu walifahamiana sura. Biashara ya simu haina sura. Kinachoweza kushika nafasi yake ni sheria inayotekelezwa, na bila hiyo wateja wa mikoani watarudi kupanda basi wenyewe kufuata mzigo, na soko litakuwa limerudi nyuma.