Mtandao Ukigoma Kwenye Kompyuta ya Zamani, Usikimbilie Kupiga Windows Upya

Leo nina neno kwa sisi tunaofanya kazi na kompyuta ya zamani, ile ya mtumba au iliyotoka ofisini kwa mtu. Kwa wengi wetu huku Busale na Kyela kwa ujumla, simu ndiyo ya kuchati na mteja, lakini kompyuta ndiyo inayobeba biashara. Humo ndimo ilimo orodha ya wateja wa Mbeya na Dar wanaoagiza mchele, kakao na usipa. Humo ndimo tunajua nani kalipa nusu, nani anadaiwa, na mzigo wa nani umeshapanda gari. Sasa siku kompyuta hiyo ikigoma kuingia mtandaoni, jibu linalokuja haraka ni moja tu: "Window imeoza hiyo, tupige upya."

Mimi nasema jibu hilo liwe la mwisho. Mlango ukikwama, huvunji nyumba nzima. Unaanza na bawaba.

Ndani ya Windows kuna mafaili ambayo kazi yake ni mtandao tu. Kuna tcpip.sys, kuna afd.sys, na kuna orodha inayoitwa Winsock inayozielekeza programu zako pa kupita zikitaka intaneti. Umeme ukikatika wakati kompyuta inaandika, diski ikichoka, au kirusi kikiingia na flashi, mojawapo likiharibika utaona kioja: kompyuta inawaka vizuri, Excel inafungua, picha zipo, ila intaneti hakuna. Simu iliyo pembeni, kwa bando lile lile, inapeta tu.

Wakati mwingine hata antivairasi ndiyo inayoharibu. Tarehe 21 Aprili 2010 kampuni ya McAfee ilisambaza sasisho lenye kosa. Antivairasi ikalichukulia svchost.exe, faili halali la Windows XP, kuwa ni kirusi, ikalitoa. Kompyuta nyingi duniani zikawa zinajizima na kujiwasha, na mtandao zikakosa. Kwa kuwa hazikuweza kushusha dawa zenyewe, mafundi walilazimika kupita mashine moja baada ya nyingine na flashi au CD. Dawa ilikuwa nini? Kulirudisha faili lililotolewa. Kama ofisi kubwa zilirudishiwa faili zikaendelea na kazi, kwa nini muuza mchele wa Busale afutiwe kila kitu?

Tuangalie hasara ya kupiga Windows upya bila mpango. Kwanza, fundi asipohifadhi vitu vyako, daftari lako la madeni limekwenda, na mdaiwa hatakukumbusha. Pili, kompyuta ya zamani ikishapigwa Windows mara nyingi inakosa draiva ya Wi-Fi, kwa hiyo unarudishiwa mashine safi isiyo na mtandao vilevile. Tatu, ukiiacha kompyuta kwa mtu siku tatu Kyela mjini, umemwachia pia majina na namba za wateja wako. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Namba ya mteja ni dhamana uliyopewa.

Njia nyingine mbaya ni kwenda kushusha faili la mtandao kwenye tovuti usiyoijua, eti ulibandike ndani ya Windows. Hujui aliyeliweka kaweka na nini. Windows yenyewe inatunza nakala za mafaili yake, na ina amri za kuyarudisha bila kulipia chochote.

Fuata mpangilio huu, usiruke:

1. Hakikisha kosa si la mtandao wenyewe. Jaribu kwa simu, muulize na jirani. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, intaneti ikazorota Tanzania na nchi jirani. Siku kama hiyo unaweza kuihangaikia kompyuta mpaka usiku na wala haina kosa.

2. Nakili vitu vyako kwenye flashi sasa hivi. Mtandao umegoma, lakini mafaili ya biashara bado yanafunguka. Usiguse kingine kabla ya hili.

3. Tazama tarehe na saa. Kompyuta ya zamani ikiishiwa betri ndogo ya ndani, ile ya duara ya CR2032, ikizimwa hurudi miaka ya nyuma. Tarehe ikiwa si sahihi, tovuti nyingi zinakataa kufunguka. Rekebisha saa, ujaribu tena.

4. Kama tovuti nyingine zinafunguka na nyingine hazifunguki, huenda kinachokusumbua ni brauza. Chrome ya mwisho kufanya kazi kwenye Windows 7 ni toleo la 109. Tangu Februari 2023 matoleo mapya yanataka Windows 10 kwenda juu. Hapo hakuna faili bovu, kuna uzee tu.

5. Chomeka simu kwa waya wa USB, uruhusu simu igawe intaneti kwa waya. Ikikubali, mafaili yako ya mtandao ni mazima. Mwenye kosa ni kadi ya Wi-Fi au draiva yake. Ishia hapo, umeokoa pesa. Isipokubali, endelea. Windows XP inaweza kukataa njia hii kwa kukosa draiva tu, kwa hiyo usiihukumu kwa kipimo hiki.

6. Fungua menyu ya kuanzia, andika cmd, bofya kitufe cha kulia cha mausi, chagua Run as administrator. Kwenye dirisha jeusi andika: ping 127.0.0.1. Hapo kompyuta inajiita yenyewe, haitumii bando wala Wi-Fi. Isipojitikia, tatizo liko ndani. Ikijitikia, msingi upo, lakini Winsock bado inaweza kuwa imevurugika, kwa hiyo nenda hatua inayofuata.

7. Andika: netsh winsock reset. Ikimaliza, andika: netsh int ip reset c:\reset.txt. Kisha zima na uwashe. Kama kuna namba za mtandao ulizojaza kwa mkono, kwa mfano za printa, ziandike kwenye karatasi kwanza, maana amri ya pili inazifuta. Hatua hii inachukua dakika chache, na mara nyingi safari inaishia hapa.

8. Bado? Andika: sfc /scannow. Windows itakagua mafaili yake moja moja, na lililoharibika italibadilisha kwa nakala iliyo ndani. Haihitaji intaneti. Kwenye mashine ya zamani inaweza kuchukua nusu saa au zaidi, kwa hiyo laptopu iwe na chaji ya kutosha. Umeme wetu mnaujua. Windows XP inaweza kukudai CD yake.

9. Wenye Windows 8, 10 au 11 mtasikia pia amri ya DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth. Ni nzuri, ila kwa kawaida inashusha mafaili mazima kutoka intaneti, na wewe intaneti ndiyo huna! Hiyo mwachie fundi mwenye flashi ya Windows ya toleo lile lile.

10. La mwisho kabla ya kukata tamaa: andika rstrui. Itakuonyesha siku za nyuma ambazo Windows ilijiwekea kumbukumbu, kama zipo. Ukirudi kwenye siku mtandao ulipokuwa mzima, mafaili yako ya biashara hayaguswi, ila programu ulizoweka baada ya siku hiyo zitaondoka.

Sisemi fundi ni adui. Fundi ana hoja pale diski inapogonga kwa ndani, virusi vinapojaa kila kona, au sfc inapokwambia imeona mafaili mabovu na imeshindwa kuyarekebisha. Hapo kupiga Windows upya ni halali, na pengine ununue na diski mpya. Naelewa pia kwa nini wengi wanaanza na kupiga upya: kazi inajulikana mwanzo na mwisho, na bei yake inajulikana. Kutafuta kosa kunakula muda ambao mteja hataki kuulipia. Basi tuwe tayari kuulipia. Ukimwambia fundi, "Nitakulipa ya kukagua hata kama hutapiga Windows," umempa sababu ya kuwa mvumilivu.

Na kabla hujamkabidhi mashine, muulize maneno matatu. Umejaribu amri za kurekebisha? Vitu vyangu utavihifadhi wapi, na utavifuta lini kwako? Draiva ya mtandao ya mashine hii unayo tayari? Akikosa jibu kwa yote matatu, chukua kompyuta yako uondoke taratibu.

Neno la mwisho kwa wenye Windows 7. Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 nayo imefikia mwisho wa huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta hiyo ukiipata mtandao tena, itumie kwa mahesabu, picha na risiti. Mambo ya benki na nywila za akaunti za malipo fanyia kwenye simu inayopata masasisho.

Na ile flashi uliyonakilia vitu vyako, usiirudishe kuwekea miziki. Kila Jumamosi ukifunga mahesabu, nakili tena, uihifadhi mbali na kompyuta. Siku ambayo kupiga Windows upya kutakuwa hakukwepeki, daftari lako la madeni liwe tayari liko mfukoni.

Biashara njema.