BOSI ALIKUFA AMESHIBA

Leo sina masikhara sana. Wale mliozoea kunikuta hapa nikiwasimulia vituko vya daladala na wachumba wa mjini mtanisamehe, maana wiki nzima nimekaa na dukuduku la mbwa. Ndiyo, mbwa. Usicheke kwanza.

Yote yameanza na simu ya mjomba. Usiku wa Jumatano kanipigia, mie namwamkia "Shikamoo mjomba," yeye hata marahaba kaimeza nusu. "Mpwa wangu," anasema, "nimeshatoa advansi ya laki mbili. Jumamosi tunakwenda kuchukua mbwa. Buldogi wa Kifaransa, pua imebonyea kama kapigwa ngumi! Na wewe ndiye utakayemlisha, si kazi ile unaijua?"

Hapo nikaishiwa nguvu. Kazi ile naijua sana. Kazi ile ndiyo iliyomuua Bosi.

Kwa wageni wa safu hii, Bosi alikuwa Jemani Shepadi, mbwa wa aina ile wanayoitumia polisi. Mjomba alimleta nyumbani Tabata mwaka 2013, mie ndiyo kwanza naingia kidato cha kwanza. Kilikuwa kitoto cha miezi miwili, masikio yamelala, miguu mikubwa kuliko mwili. Nyumba nzima ikapagawa. Mjomba akatangaza kuwa anataka mbwa awe kama dubu, mwizi akichungulia tu getini ageuke mwenyewe. Basi bwana, ikaanza kazi ya kulisha.

Asubuhi ugali wa dona na utumbo. Mchana ukoko wa pilau. Jioni chipsi zilizobaki, na kukiwa na shughuli mtaani linakuja sinia zima. Anti, mke wa mjomba, alikuwa akimwekea unga wa mifupa kila siku eti miguu ikomae. Kila mtu alimlisha kwa siri akidhani mwenzake kasahau. Nilipomaliza kidato cha nne mwaka 2016 na matokeo yakagoma kunipeleka mbele, kazi yangu ikawa kushinda nyumbani na Bosi. Mie nikila andazi, naye andazi. Mie nikikosa raha, namkatia mkate. Wageni wakija wanasema, "Lo, mbwa huyu anakula!" nasi vichwa vinavimba kwa sifa.

Mtu mmoja tu hakusifu. Bibi jirani yetu, ambaye kwa ajili ya udhu wake hamkaribii mbwa, alikuwa akimtazama kwa mbali kutoka barazani kwake. Siku moja akaniita. "Mjukuu wangu," akasema, "huyo kiumbe mnamwonea. Mnyama hana mdomo wa kusema nimeshiba." Nikacheka. Nikamwona bibi wa watu hajui mambo ya mbwa.

Mwaka 2018, Bosi hajafika hata miaka sita, kasheshe ikaanza. Kuinuka mpaka ajipange. Akikimbia, anarusha miguu ya nyuma yote miwili kwa pamoja, kama sungura. Sisi tukaona ni mbwembwe. Alipoanza kulia akipanda ngazi mbili za baraza, tukampeleka kwa daktari wa mifugo. Mizani ikasoma kilo 53. Daktari akatuambia dume la aina ile kwa kawaida huwa na kilo 30 hadi 40. Akampiga picha, akatuonyesha kichwa cha mfupa wa paja hakikai sawasawa kwenye tundu lake la nyonga, kinacheza kama mchi kwenye kinu kilichopasuka. Kisha akasema neno ambalo mpaka leo linanikereketa: "Nyonga mbovu kazaliwa nayo. Hizi kilo 13 za ziada mmempa nyinyi."

Tukaambiwa tumpunguzie chakula. Mjomba akapiga marufuku, anti akatii. Aliyevunja amri ni mie. Usiku Bosi akiniangalia na yale macho, namwibia kipande cha nyama. Nilijiona nina huruma kuliko wote mle ndani. Machi 2019 akashindwa kuinuka kabisa. Daktari akaja na sindano ya mwisho, Bosi kichwa chake kiko mapajani mwangu. Alikuwa na miaka sita tu. Njaa hakuwahi kuijua hata siku moja.

Tangu siku hiyo mie nimekuwa mtu wa kuuliza na kusoma habari za mbwa, na niliyoyakuta ningependa kila mwenye mbwa ayasikie.

La kwanza ni la sahani. Kule Marekani, kampuni ya chakula cha mbwa ya Purina iliwachukua watoto 48 wa mbwa aina ya Labrador, ikawagawa wawili wawili waliozaliwa tumbo moja. Mmoja alipewa chakula chake, mwenzake akapewa kile kile, ila pungufu kwa robo. Wakafuatwa maisha yao yote, na matokeo yakatangazwa mwaka 2002. Kundi la washibaji lilikuwa na umri wa kati wa kufa wa miaka 11.2. Kundi la waliopunguziwa lilifika miaka 13. Karibu miaka miwili mizima, msomaji wangu, na dawa haikuwemo, ni robo ya sahani tu! Tena waliopunguziwa walichelewa kwa miaka kama mitatu kuhitaji tiba ya maungio. Ndugu wa tumbo moja hao, damu ile ile.

Na ule unga wa mifupa wa anti? Kumbe nao una balaa lake. Mtoto wa mbwa wa aina kubwa hawezi kuikataa chokaa inayozidi mwilini, na ikizidi mifupa inakua vibaya. Anayempa kitoto nyama tupu bila kitu kingine naye anakosea kwa upande wa pili, maana nyama haina chokaa ya kutosha, na kitoto kinapinda miguu. Sisi tulidhani tunajenga ngome, kumbe tunabomoa msingi.

La pili ni la ukoo, na hili huwezi kulirekebisha ukishalipa hela. Mbwa hawafanani na wanyama wengine. Tembo anaishi kuliko panya, lakini kwa mbwa lijitu kubwa ndilo linalozeeka mapema, na kijibwa kidogo ndicho kinachodumu. Halafu kuna hawa wenye pua bapa. Mwaka 2024 watafiti wa Uingereza walitoa hesabu ya mbwa zaidi ya laki tano na nusu. Umri wa kati kwa wote ulikuwa miaka 12.5. Majike madogo yenye pua ndefu yalifika 13.3. Madume ya wastani yenye pua bapa yaliishia 9.1. Huyo buldogi wa Kifaransa wa mjomba? Miaka 9.8. Hao ni wa Uingereza kwenye baridi yao. Mbwa hapoi kwa kutoa jasho mwili mzima kama wewe na mie, anapoa kwa kuhema. Sasa ukiziba pua na koo, ukamleta kwenye joto la Dar mwezi wa Februari, unategemea nini?

Hili la ukoo linatoka wapi? Ni mambo ya kuoza ndugu kwa ndugu ili sura isibadilike. Kuna kisa kinachotuhusu hata sisi huku Afrika. Mbwa wa vijijini Kongo, wale wembamba wenye mkia uliojikunja na wasiobweka kama wengine, Wazungu waliwachukua wachache wakawazalisha kwao, wakawaita basenji. Jina lenyewe ni ndugu wa neno letu washenzi! Kwa kuwa walianza na wachache, magonjwa ya ukoo yakajikusanya, hasa ugonjwa wa figo unaomwaga sukari kwenye mkojo. Mbwa anakunywa maji hamalizi, anakonda, anakufa. Mwaka 1987 na 1988 wapenzi wa mbwa hao wa Marekani ikabidi wafunge safari mpaka Zaire, ndiyo Kongo ya leo, kutafuta damu mpya kwa mbwa wa vijijini. Mwaka 1990 kitabu cha ukoo kikafunguliwa ili hao wageni waandikishwe. Yaani mbwa wa cheti akaokolewa na mbwa wa kijijini, yule anayeitwa mshenzi.

Lakini msinielewe vibaya mkadhani mbwa koko ana hirizi. Koko wengi wanakufa mapema mno kwa kichaa cha mbwa, kwa kupe na kwa magari. Koko anahitaji chanjo ile ile anayopata mbwa wa laki nane.

Basi Jumamosi ikafika. Tukaenda Mbezi kwa muuzaji. Njiani nilimbana mjomba na jambo moja tu: "Kabla hujatoa hela, mwambie akuonyeshe mama wa mbwa." Muuzaji akasita, mwishowe akatupeleka uani. Saa nne asubuhi, kivulini, feni inapuliza, mama mbwa kasimama anakoroma macho wazi kama msumeno unaokata mninga. Mjomba akauliza, "Ana mafua?"

"Hapana mzee, ndivyo aina yao."

"Na kuzaa alizaaje?"

"Kwa upasuaji. Hawa wengi huzaa kwa upasuaji."

Mjomba akanyamaza. Akainama akamtazama yule mama mbwa kwa muda mrefu. Kisha akaulizia laki mbili yake. Akajibiwa kwa heshima zote kuwa advansi hairudi. Nilitegemea zogo, maana mjomba na hela yake mnamjua. Hakusema neno. Tuliendesha kimya mpaka Ubungo kwenye foleni, ndipo akasema kwa sauti ya chini: "Bosi naye mwishoni alikuwa akihema hivi."

Mie nikageukia dirishani. Ndugu zangu, kumbe mzee naye alikuwa nayo moyoni miaka yote hii.

Jumatatu kitoto kikaingia nyumbani, lakini si buldogi. Ni mtoto wa Popi, yule koko wa pale kijiwe cha bodaboda, bibi kizee wa miaka kumi aliyezaa mara nyingine bila kuomba ruhusa ya mtu. Bei yake ilikuwa soda mbili za vijana wa kijiwe. Dawa ya minyoo keshapewa, na tarehe ya chanjo iko kwenye kalenda.

Nawe mwenzangu mwenye mbwa, fanya hivi leo. Mpapase ubavuni kwa kiganja. Mbavu uzisikie kirahisi chini ya ngozi, ila zisitokeze kama za njaa. Msimamie kwa juu umtazame, awe na kiuno. Ukipapasa ukakuta godoro, punguza sahani kidogo kidogo, na daktari akuongoze. Simaanishi mshindishe njaa, na kitoto kinachokua kinakula mara nyingi zaidi kwa siku. Mfupa wa kuku uliopikwa usimpe, unapasuka vipande vikali. Chokoleti, vitunguu na zabibu ni sumu kwake. Na ule unga ulioota ukungu usiseme "huu tutampa mbwa." Sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na ini la mbwa nalo linaharibika vile vile. Tena kama unanunua mbwa wa aina, kwanza watazame wazazi wake wakitembea na kuhema. Macho yako ni bure, laki mbili ya mjomba haikuwa bure.

Sasa hivi jikoni kwetu kuna kikombe cha plastiki kimetundikwa msumarini, kimechorwa mstari kwa kalamu. Kila mlo ni mpaka kwenye mstari, na anayelisha anaweka alama kwenye karatasi ukutani ili mwingine asirudie. Wazo la karatasi ni la anti. Bibi jirani nilikwenda kumwomba radhi. Alicheka, akaniambia yeye alishasahau.

Jana usiku nilikuwa nakula nyama choma. Kitoto kikaja, kikakaa miguuni, kikaniangalia kwa macho yale yale ya Bosi. Mkono ulishafika kwenye sahani. Nikakumbuka kilo 13. Nikamnyima. Roho imeniuma, lakini nimemnyima.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.