Mwenye Deni Asikimbie, Mwenye Kudai Asimfunge



Deni ni jambo la haki kabla ya kuwa jambo la fedha. Aliyekopa aliahidi, aliyekopesha aliamini. Ndiyo maana Kanisa hutufundisha kwamba kulipa madeni na kushika mapatano ni sehemu ya Amri ya Saba, ile inayotukataza kuiba. Twasema haya kwanza, ili asiwepo anayedhani kwamba tunamtafutia mdaiwa njia ya kukwepa.

Hata hivyo, mambo mawili yanatuhuzunisha. Kijana aliyekopa ili afanye biashara, mali ikioza njiani au bei ikianguka, huzima simu na kuhama mji. Mdai naye humwendea polisi, ili mdaiwa alale mahabusu mpaka familia iuze mbuzi au kiwanja. Njia zote mbili ni mbaya. Anayekimbia huua imani ya watu. Aliyefungwa hauzi kitu, na asiyeuza hawezi kulipa.

Yesu alikwisha kutuonyesha upumbavu huo katika mfano wa mtumishi asiyesamehe, katika Mathayo sura ya 18. Yeye aliyesamehewa talanta 10,000 alimtupa mwenzake gerezani kwa ajili ya dinari 100 tu. Mwenzake hakuomba kufutiwa deni, aliomba muda.

Muda huo, sheria ya nchi yetu inaujua. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao nchi yetu iliuingia mwaka 1976, unakataza kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mapatano. Tena, tangu mwaka 2012 Kongo imo katika OHADA, umoja wa nchi 17 za Afrika zenye sheria moja ya biashara. Sheria yake kuhusu wanaoshindwa kulipa ilirekebishwa mwaka 2015, nayo haihusu makampuni makubwa peke yake: fundi, mkulima na mchuuzi anayejitegemea wamo pia.

Njia zake ni hizi. Anayeona shida inakuja aweza kuomba upatanisho wa siri na wadai wake, mbele ya mpatanishi aliyewekwa na mahakama. Aliyekwisha kushindwa kulipa hupaswa kutangaza hali yake mahakamani katika siku 30. Biashara ikiwa bado na uhai, hupewa mpango wa kulipa polepole. Ikiwa imekufa, mali yake huuzwa na wadai hugawiwa kwa utaratibu. Mdai naye hakuachwa: aweza kumwomba hakimu amri ya kumlazimisha mdaiwa alipe, bila kesi ndefu. Bali anayeficha mali au kuharibu vitabu vya hesabu, huyo ni mdanganyifu, na sheria humwadhibu kwa haki.

Tunajua mtakalosema: mahakama iko mbali, avoka ni ghali, na polisi wako karibu. Ni kweli. Lakini ukaribu wa njia mbaya hauifanyi kuwa njema. Tena upatanisho hauhitaji kungoja mahakama. Wazee wa shirika na Tume ya Haki na Amani ya parokia waweza kuwakalisha wawili hao pamoja, waandike kiasi kinachobaki na tarehe za kulipa, watie sahihi mbele ya mashahidi.

Basi, kabla ya kukopa, andikeni mapatano. Mkiisha kukopa, shikeni daftari la hesabu, wala msichanganye fedha ya biashara na ya chakula. Shida ikija, mwendeeni mdai wenu kabla hajawatafuta. Nanyi mnaodai, ulizeni kwanza kama mwenzenu amekataa kulipa au ameshindwa. Katika tofauti hiyo ndimo haki na huruma hukutana.