Risasi Gani ni Bora? Hilo ni Swali Baya

Najua nimepotea hapa kibarazani. Nilikuwa na kazi iliyonikalisha mbele ya kompyuta usiku na mchana, na leo nimeamua kuwasimulia jinsi ilivyoisha. Onyo mapema: leo hatuzungumzii simu wala hifadhidata. Tunazungumzia bunduki. Lakini vumilia kidogo, msomaji wangu, mwishoni utaona kwamba ni habari ya programu vilevile.

Mambo yalianza hivi. Kampuni moja ya uwindaji wa kitalii, ng'ambo ya mpaka huko Tanzania, ilinitafuta niitengenezee programu ya simu. Mteja anaingiza aina ya risasi, umbali, upepo na mwinuko wa mahali, kisha simu inamwambia ainue darubini ya bunduki kiasi gani. Zaidi ya hayo walitaka taa: kijani maana yake piga, nyekundu maana yake acha. Malipo yalikuwa ya awamu tatu. Ya kwanza niliipokea, nikalipa kodi ya nyumba hapa Makongeni, nikaanza kazi kwa furaha.

Nikiri jambo moja. Mimi si mwindaji. Hapa Kenya uwindaji wa wanyama ulipigwa marufuku Mei 1977, na ndege nao, waliokuwa wakipigwa kwa leseni, wakafungiwa mwaka 2003. Kwa hiyo kijana wa Thika wa rika langu hana mahali pa kujifunzia mambo haya ila vitabuni na kwa wazee. Lakini usidhani tuko mbali na bunduki. Hapo Ruiru, mwendo mfupi kwa matatu, serikali ilifungua kiwanda cha bunduki Aprili 2021, kikiwa na uwezo wa kutoa bunduki 12,000 kwa mwaka. Eldoret nako kuna kiwanda cha risasi, na mojawapo ya risasi zake ni ile ya milimita 7.62 kwa 51, ndugu wa .308 ambayo wawindaji wa dunia nzima wanaijua.

Na kompyuta zenyewe? ENIAC, ile mashine kubwa ya Marekani iliyozinduliwa Februari 1946, ilibuniwa kwa kazi hii hii: kukokotoa majedwali ya mizinga ya jeshi. Hesabu ya mwendo wa kombora moja, iliyomchukua mtu saa nyingi kwa mkono, mashine iliimaliza kwa chini ya dakika moja. Kwa hiyo sisi waandishi wa programu ni wajukuu wa watu waliokuwa wakihesabu risasi, tupende tusipende.

Haya, twende kazini.

Jambo la kwanza nililokutana nalo ni ubishi. Ukitaka kujua jinsi watu wanavyoweza kugombana, achana na Gor na AFC, nenda ukaulize wawindaji risasi gani ni bora. Kuna wa .308, iliyotoka mwaka 1952. Kuna wa .30-06 ya 1906, wanaosema hakuna kipya chini ya jua. Kuna wa .300 Winchester Magnum ya 1963 wanaopenda kishindo. Na kuna vijana wa 6.5 Creedmoor, iliyotangazwa 2007, wanaokuambia kwamba nyingine zote ni za makumbusho. Ni ugomvi uleule wa lugha za programu: kila mtu anatetea aliyoanza nayo.

Nikasema, mimi nitaacha hesabu iamue. Nikachukua .308 yenye kichwa cha gramu 11.3, inayotoka mtutuni kwa mita 790 kwa sekunde, na 6.5 Creedmoor yenye kichwa cha gramu 9.1, inayotoka kwa mita 820 hivi. Zote mbili bunduki imerekebishwa ipige sawasawa kwenye mita 100, hewa ya usawa wa bahari. Kufika mita 1000, .308 imeshuka takriban mita 13. Creedmoor imeshuka kama mita 10 na nusu. Kichwa chake ni chembamba na kirefu, hewa inakizuia kidogo. Vijana wanasema kweli, tena kwa tofauti kubwa!

Hapo ningeweza kufunga daftari. Lakini mshuko si tatizo, wadau. Mvuto wa dunia haubadiliki kati ya asubuhi na jioni. Ukijua umbali na uzito wa hewa, mshuko unahesabika na darubini inainuliwa, basi. (Uzito wa hewa usiudharau. Hapa Thika tuko karibu mita 1500 juu ya bahari na hewa ni nyepesi kwa asilimia 14 hivi. Jedwali lililopigwa kwa ajili ya Mombasa litakukosesha kwa zaidi ya mita moja ukipiga .308 umbali wa mita 1000.)

Tatizo ni vitu viwili ambavyo simu haivioni: upepo wa huko mbele, na mnyama mwenyewe.

Tuanze na upepo. Chukua mita 500. Upepo wa ubavuni wa kilomita 16 kwa saa unaisukuma .308 kama sentimita 60, na Creedmoor kama 44. Sasa sema umekosea kukisia upepo kwa kilomita 5 tu kwa saa, kosa ambalo mtu mwenye uzoefu hulifanya bila aibu, kwa sababu upepo wa pale uliposimama sio upepo wa bondeni. Kwa .308 umekosa kwa sentimita 19. Kwa Creedmoor, 14. Moyo na mapafu ya swala pala ni kama duara la sentimita 20, yaani kutoka katikati hadi ukingoni una sentimita 10 za kuchezea. Zote mbili zimetoka nje! Risasi ya kisasa imekosa kwa heshima zaidi, lakini imekosa.

Rudi mita 300. Kosa lilelile la upepo linakuwa sentimita 7 kwa .308 na 5 kwa Creedmoor. Zote zimo ndani. Ubishi wote ule, matusi yote yale, ni sentimita mbili.

Halafu mnyama. Kwenye mita 500, .308 iko hewani kwa karibu sekunde 0.76. Kwenye mita 300 ni 0.42. Sasa fikiria swala aliyesimama tuli, nawe umeshafyatua, ndipo anapoamua kusogea. Simwambii akimbie. Aanze kutembea tu, akiongeza mwendo polepole, mita 1 kwa sekunde katika kila sekunde. Wale mliosoma fizikia ya sekondari mnaijua hesabu: nusu ya mchapuko mara muda mara muda. Kwenye mita 300 amesogea sentimita 9. Kwenye mita 500, sentimita 29. Hiyo ya pili si moyo tena wala mapafu. Ni tumbo. Na kwenye mita 1000, risasi ikiwa hewani karibu sekunde mbili, amesogea zaidi ya mita moja, nawe unapiga nyasi ukiwa na bahati.

Hakuna risasi dukani inayotibu hilo. Ukinunua iliyo kasi zaidi unapunguza sehemu ndogo ya sekunde, basi.

Nilipofika hapo nikampelekea hesabu zangu mzee mmoja jirani yangu hapa Makongeni, ambaye ujanani, kabla ya 1977, alifanya kazi ya kufuata nyayo kwenye safari za wawindaji. Nikamwonyesha simu. Akavaa miwani, akaitazama ile taa ya kijani.

"Hii inajua mnyama atafanya nini?"

"Hapana, mzee. Inajua risasi itafanya nini."

"Basi inajua nusu."

Akanisimulia habari ya pofu aliyepigwa kutoka mbali na mgeni aliyekuwa na bunduki ya bei ghali. Risasi iliingia tumboni. Walifuata damu siku nzima, wakalala porini, wakaendelea kesho yake hadi mchana. Walipompata bado alikuwa hai. Mzee hakunieleza zaidi. Aliniambia tu kwamba yule mgeni hakuwa nao siku ya pili, alibaki kambini, akisema miguu inamuuma. "Risasi ni yake, kijana wangu, lakini kumfuata ni kazi yetu."

Nikaenda kusoma historia, na nikakuta kwamba eneo letu lina somo lake. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alikuwa mgeni wa McMillan kwenye shamba la Juja, hapa hapa karibu. Alikuja na Springfield ya kaliba .30, Winchester ya .405, na bunduki nzito ya mitutu miwili ya Holland & Holland. Jicho lake la kushoto lilikuwa halioni. Yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512 katika safari ile, kwa hesabu yake mwenyewe: 296 wake, 216 wa mwanawe. Silaha hazikumpungukia. Macho ndiyo yalimpungukia.

Sasa mlinganishe na Mskoti W. D. M. Bell, aliyepewa jina la Karamojo kutokana na Karamoja ya Uganda. Huyu aliua ndovu zaidi ya 1000, na wengi wao kwa .275 Rigby, ambayo ni ile Mauser ya milimita 7 kwa 57 ya mwaka 1892, risasi ambayo leo wengi wangeiita ya kupigia swala. Siri yake? Alipasua fuvu la ndovu kwa msumeno ili ajue ubongo uko wapi, kisha akasogea karibu. Simsifu kwa wale ndovu, Mungu anisamehe. Nasema tu kwamba alifanya utafiti kabla ya kufyatua.

Najua kuna atakayesema: basi kwa nini sheria ya Tanzania inadai kuanzia .375 kwa wanyama hatari kama nyati na ndovu? Swali zuri. Sheria haiandikwi kwa ajili ya Bell. Inaandikwa kwa ajili ya mgeni aliyetetemeka mkono, na risasi nzito inasamehe zaidi mnyama anapokuja mbio kutoka hatua ishirini. Nakubaliana nayo kabisa. Lakini .375 ina teke karibu mara mbili ya .308, na mtu anayeogopa teke hufumba macho kabla ya kuvuta. Ndiyo maana nasema chagua risasi halali kwa mnyama yule, na katika hizo chagua ile unayoweza kuipiga mara hamsini mazoezini bila kuichukia. Hesabu inayobaki ni ya umbali.

Na kwa wanaopiga shabaha za karatasi na chuma? Ninyi nendeni mita 1000, nendeni zaidi, nunueni Creedmoor, furahini! Karatasi haitembei, na ukikosa hakuna anayelala porini akifuata damu.

Basi nikaandika programu yangu hivi: kwa mnyama wa ukubwa wa swala, taa ya kijani inakoma mita 300. Zaidi ya hapo ni nyekundu, hata kama hesabu ya mshuko ni safi.

Mteja hakupenda. Alitaka kijani hadi mita 800. Alisema wageni wake wanalipa kwa ajili ya umbali, na kwamba mimi ni fundi wa programu, si askari wa wanyama. Nikamwambia naweza kuondoa taa kabisa, nikaacha namba tupu, mtu aamue mwenyewe. Akakataa. Taa ndiyo iliyokuwa ikiuza.

Hapo nikakumbuka kisa cha TrackingPoint, kampuni ya Texas iliyouza bunduki zenye kompyuta ya Linux ndani ya darubini. Mwaka 2015 watafiti wawili, Runa Sandvik na Michael Auger, waliingia kwenye bunduki hiyo kwa njia ya Wi-Fi, wakabadilisha uzito wa risasi ndani ya hesabu, na risasi ikapiga shabaha ya jirani. Anayeshika bunduki hiyo angeweza asigundue lolote. Watu wengi walikisoma kisa hicho kama habari ya usalama wa mtandao. Mimi nilisoma kitu kingine: mtu akishaiamini taa, haangalii tena. Nami nilikuwa naombwa niandike uongo ule mwenyewe, bila hata kuvamiwa na mtu.

Nikakataa. Awamu ya pili na ya tatu zimekwenda na maji. Mke wangu ameniuliza, kwa upole, kama swala wa Tanzania watatulipia karo ya Januari. Sina jibu zuri. Labda mteja amepata kijana mwingine, na labda taa yake sasa hivi ni ya kijani kwenye mita 800. Sikatai. Ila mkono ulioiandika sio wangu.

Wenye uzoefu wa bunduki, nikosoeni kwenye hizo sentimita, nitasahihisha. Na kama kuna anayehitaji mtu wa kumtengenezea programu ya duka, ya shule au ya chama cha akiba, mimi nipo hapa Makongeni, na kuanzia wiki hii nina nafasi tele.