Chicago: mnara ulipona moto, lakini maji yalikatika

Baadhi ya ndugu zetu wanaoishi Marekani hututumia picha wakiwa mbele ya mnara wa maji wa Chicago, ule wa mawe ya manjano unaofanana na ngome ya wafalme, katikati ya maghorofa ya Michigan Avenue. Picha ni nzuri. Mimi ninaona tu kwamba wanasimama upande usiofaa wa barabara.

Hadithi wanayopewa wageni inajulikana. Mnara ulijengwa kati ya 1867 na 1869, kwa mpango wa William Boyington. Oktoba 1871 moto mkubwa ukateketeza mji, watu karibu 300 wakafa, na wengine karibu 100,000 wakabaki bila nyumba. Mnara ukabaki umesimama, na tangu hapo unaheshimiwa kama shujaa. Lakini shujaa huyo hakuzima hata nyumba moja. Usiku ule moto ulifika kwenye jengo la pompi, ambalo leo liko ng'ambo ya barabara. Paa likaungua na kuanguka, mashine zikasimama, na wazima moto wakabaki na mipira mikavu mikononi.

Kazi yote ya mnara ilikuwa kuficha bomba moja la chuma lililosimama wima, urefu wake mita 42 hivi. Pompi za mvuke zilisukuma maji kwa mapigo kama ya moyo, na bomba hilo lilituliza mapigo ili nguvu ya maji iwe sawa mjini. Zile kuta na vile vinara ni nguo tu. Mwandishi Oscar Wilde alipopita hapo 1882 aliucheka mnara mbele ya wakaaji wenyewe, nao wakaudhika, ila mashine za maji alizisifu. Mimi niko upande wake.

Tena pompi peke yake haikutosha. Chicago ni mji wa bandari kando ya Ziwa Michigan. Uchafu wake ulishuka mtoni, mto ukaumwaga ziwani, na maji ya kunywa yakavutwa kutoka ziwa hilo hilo, karibu na ukingo. Kolera iliua watu. Hata samaki wadogo walitokea kwenye robine! Ndipo mhandisi Ellis Chesbrough akachimbisha handaki la zaidi ya kilomita 3 chini ya ziwa, ili maji yavutwe mbali na uchafu. Miaka ikapita, mji ukakua, uchafu ukafuata. Mwaka 1900 wakaugeuza mto wenyewe urudi nyuma, usiingie tena ziwani. (Jimbo la Missouri, ambako uchafu huo ulielekea, lilikwenda mahakamani. Hiyo ni habari ya siku nyingine.)

Kwa hiyo anayefika kule aingie mnarani, ni bure, kisha avuke barabara. Jengo la pompi bado linasukuma maji hadi leo.

Mtu wa Goma haya yote anayaelewa bila mwalimu. Mji wetu umekaa juu ya mawe ya volkano, mvua ikinyesha maji yanapotelea chini, na tegemeo letu ni Ziwa Kivu. Mwaka 1994 kolera iliua makumi ya maelfu ya wakimbizi hapa. Mei 2021 lava ya Nyiragongo iliharibu tangi kubwa la maji na mabomba yake. Mwishoni mwa Januari 2025, wakati wa mapigano, umeme ulikatika na pompi zikanyamaza. Mama na watoto wakashuka ziwani na bidoni za manjano. Robine zilikuwepo, zimesimama vizuri kama ule mnara.

Hata hivyo, sherehe zetu bado ni za robine na matangi. Utepe unakatwa, wakubwa wanapiga picha, tunapiga makofi. Ningependa siku hiyo mkaaji mmoja anyooshe mkono aulize: siku waya wa umeme ukikatwa, pompi itawashwa na nini, na mafuta yake yamewekwa wapi? Na maji haya yanavutwa umbali gani kutoka pale tunapofulia nguo na kuosha pikipiki?