KUDANDIA SI KUOMBA LIFTI



Katika mkutano wa mwezi uliopita mwenzetu mmoja aliulizwa kwa nini halipi ada ya chama. Akajibu, "Mimi naomba lifti tu." Wengine wakacheka. Sisi hatukucheka.

Mwenye kuomba lifti husimama kando ya barabara mchana, akainua mkono. Dereva humwona uso. Akitaka husimama, asipotaka hupita, na hapana ugomvi. Akipandishwa husema ahsante, na gari likikwama matopeni yeye ni wa kwanza kushuka kusukuma. Jambo hilo halina aibu. Mwenzetu aliyesimamishwa kazi, au mgonjwa asiye na mshahara, hatumdai kitu. Huyo tumempa lifti.

Kudandia ni jambo lingine. Mwenye kudandia hungoja gari liondoke, akarukia nyuma mahali asipoonekana na dereva. Sisi wa reli twamjua sana. Hung'ang'ania mlango wa behewa, na mkagua tikiti akija, huruka. Hamwombi mtu wala hamshukuru mtu. Nauli yake hulipwa na walionunua tikiti.

Sasa twauliza, ndugu yetu huyu ni yupi? Nyongeza ya mshahara ikija, hutia mfukoni. Akionewa na msimamizi, hukimbilia ofisi ya chama. Siku ya ada haonekani.

Nyongeza hazikuanguka kutoka mbinguni. Januari 1947 wafanya kazi wa Mombasa, wa bandari na wa reli pamoja, waliacha kazi kwa sababu ya mishahara duni. Kiongozi wa chama chao, Chege Kibachia, alikamatwa Agosti mwaka ule ule, akawekwa kizuizini Baringo miaka mingi. Hao ndio waliolipa nauli.

Wengine husema viongozi hula fedha. Haya, kiongozi mwenye kula fedha za chama naye anadandia, tena amekalia kiti cha mbele. Lakini dawa yake ni kuja mkutanoni, kudai hesabu na kumwondoa kwa kura. Asiyelipa atadai hesabu kwa kinywa gani?

Sheria ya Kenya ya mahusiano ya kazi ya mwaka 2007 yaruhusu hata asiye mwanachama akatwe ada, ikiwa anafaidi mapatano yaliyofanywa na chama. Ati huo ni uonevu! La, hiyo ni tikiti.

Wazee walisema mchumia juani hulia kivulini. Hawakusema mmoja achume juani na mwingine ale kivulini.

Ndugu, kama huna, sema huna. Inua mkono tukuone. Kama unacho, toka huko nyuma ya gari, lipa, uingie ndani ukae pamoja nasi.