Maziwa hayamkingi fundi wa rangi

Katika majengo yanayochipuka Makutano mjini Meru na pembezoni mwa mji wa Embu, wapo mafundi wa rangi wanaoamini kwamba pakiti ya maziwa jioni huosha kifua. Wapo pia wanakandarasi wanaoyanunua na kujiona wametimiza wajibu. Ni jambo la kusikitisha. Mvuke wa thina huvutwa mapafuni, ukaingia katika damu. Maziwa huenda tumboni. Viwili hivyo havikutani.

Kile kizunguzungu cha jioni, ambacho vijana hukifanyia mzaha kuwa ni ulevi wa bure, ni ishara kwamba sumu imefika ubongoni. Tena mwaka wa 1989 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliorodhesha upakaji rangi miongoni mwa kazi zinazosababisha ugonjwa huo kwa binadamu.

Kazi ya kukarabati nyumba kuukuu ina hatari yake. Rangi ya zamani huenda ina madini ya risasi. Ikikwaruzwa kwa msasa mkavu, fundi huvuta vumbi lake na kulibeba katika nguo hadi kwa watoto wake. Afadhali alowanishe ukuta kwanza, na abadilishe nguo kabla ya kwenda nyumbani. Kuhusu mvuke, barakoa ya kitambaa haifai kitu. Inatakiwa yenye kichujio cha makaa, na madirisha yawe wazi.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 humtaka mwajiri kutoa vifaa vya kujikinga. Basi wewe mwenye nyumba, kabla ya kubishania bei, uliza kama barakoa imo katika hesabu.